Kumalizia Datsun 240Z uani: rangi ipi, kabureta zipi, waya upi

Gari langu lilikaa miaka minne chini ya mwembe, Changamwe, Mombasa, limefunikwa turubai, bodi nzima ikiwa kijivu cha praima. Kutu ilikuwa imeshakatwa yote: sahani ya betri, sakafu za pande mbili, na ile kona ya chini mbele ya magurudumu ya nyuma ambako 240Z nyingi huoza. Injini ilikuwa imefungwa upya. Spea zilijaa kwenye maboksi chumbani, kila boksi limeandikwa ubavuni. Kilichonikwamisha ni kuchagua. Rangi gani? Kabureta zilezile, au za Weber kama wanavyotaka vijana? Waya wa zamani nioshe au nitupe? Kila niliyemuuliza alikuwa na jibu, na kila jibu lilikuwa na bei yake.

Naandika kwa mtu aliyefika hapo hapo: kazi ya kuchomelea imekwisha, kompresa ipo au ya kuazima ipo, na anataka kumalizia nyumbani kwake. Natumia 240Z kwa sababu ndiyo ninayoijua, na kwa sababu gari hili lina haki yake huku kwetu. Lilitoka Japani mwishoni mwa 1969, na mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller wakashinda nalo mbio za magari za East African Safari. Mwaka 1973 Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, akalishinda tena akiwa na Lofty Drews. Watu wazima wa Kenya, Uganda na Tanzania wanaolikumbuka likipita na vumbi nyuma yake bado wapo, na mmoja wao ndiye aliyeniachia hili langu. Lakini mwenye 260Z, Datsun 1600 SSS, Escort au Lancer ya miaka ile atakuta mengi ya hapa yanamhusu.

Katika kulinganisha nimetumia swali moja tu. Kitu hiki kikitoka vibaya, au kikiharibika mwakani, nitaweza kukirudia mwenyewe hapa uani, kwa vifaa nilivyo navyo? Mwenye karakana kubwa au pesa za kuagiza ng'ambo kila mwezi ana haki ya kuuliza swali jingine, na majibu yake yatakuwa mengine.

Rangi

Hapa ndipo pana ubishi mwingi, na ndipo pesa nyingi hupotea. Njia ziko tatu: selulosi, rangi ya koti moja inayochanganywa na hadna (kigumishi) ambayo mafundi huiita 2K, na ile ya tabaka mbili, besi yenye rangi chini na kilia, yaani vanishi angavu, juu.

Selulosi ndiyo rangi ya zamani. Hukauka kwa thina kuruka tu, hakuna kingine kinachotokea ndani yake. Ukipiga koti, baada ya robo saa unaweza kupiga jingine. Vumbi halina muda mrefu wa kunasa. Ikitiririka, unangoja ikauke, unasugua kwa msasa wa maji, unapiga tena siku hiyohiyo. Na kwa kuwa koti jipya huyeyusha kidogo lile la chini, kiraka cha mlangoni huungana na rangi ya zamani bila mstari. Kwa mtu wa uani hiyo ni neema kubwa.

Ubaya wake nao ni wa kweli. Ni nyembamba, kwa hiyo makoti ni mengi, na haitoki na mng'aro. Mng'aro unautafuta wewe kwa msasa wa 1500, kisha 2000, kisha polishi na mkono. Petroli huila. Kwenye 240Z kifuniko cha tangi kiko ubavuni kulia nyuma, na mhudumu wa pampu akimwaga tone ukaliacha, utaliona doa lake. Tena selulosi juu ya inameli ya zamani huikunja kama ngozi ya maziwa yaliyochemka, kwa hiyo kama hujui chini kuna nini, jaribu kwanza mahali pa kificho.

Halafu kuna unyevu, na sisi wa Pwani tuna unyevu wa kugawa. Nilipiga boneti asubuhi moja ya Mei, masika hayajaisha, saa moja na nusu, nikiwahi kabla upepo haujaanza. Koti la kwanza likalala vizuri. La pili, mbele ya macho yangu, likaanza kupauka kutoka ukingoni kuja katikati, ukungu mweupe kama tui la pili limemwagwa juu ya rangi ya chungwa. Nikadhani rangi ni mbovu. Mzee mmoja mpiga rangi, jirani yetu, akaja akapitisha kidole, akasema: “Mwanangu, thina yako inaruka upesi mno. Bati limepoa, limevuta maji ya hewa. Rangi haina kosa. Ngoja jua lipande, upige ukungu wa thina nzito peke yake, utaona.” Saa nne nikafanya hivyo, na weupe ukatoweka pole pole hadi chungwa likarudi. Tangu hapo nilipiga Januari na Februari tu, baina ya saa nne na saa sita, uwanja umemwagiwa maji kuzuia vumbi, na thina ya kukawia mkononi.

Rangi ya 2K ni jambo jingine kabisa. Unachanganya na hadna, nayo hukomaa kwa kemikali, ikawa ngumu. Hutoka kwenye bunduki ikiwa inang'aa. Petroli haiigusi, na jua na chumvi inavistahimili kuliko selulosi. Kwa gari litakalolala nje karibu na bahari, sina ubishi: hii ndiyo rangi bora.

Lakini hadna yake ina isosianeti, na hapa naomba msomaji anisikilize vizuri. Mvuke huo ukiingia mapafuni unaweza kukuachia pumu ya maisha, na mtu ambaye mwili wake umeshaukataa mara moja hata harufu kidogo baadaye humletea shida. Barakoa ya vumbi si kinga. Hata ile ya mikebe ya mkaa si ya kutegemea kwa kazi hii. Kinachotakiwa ni kofia inayoletewa hewa safi kwa mpira kutoka mbali. Mimi nina watoto uani, na ukuta wangu na wa jirani ni mmoja. Nimewaona mafundi wakipiga 2K na leso puani, na kila mara huwa naumia. Kama huna hewa ya mpira na chumba cha kufungia, usiipige nyumbani. Peleka kwenye banda lenye tanuri.

Ya tabaka mbili haina nafasi kubwa hapa. Ukitaka rangi ya metali, kwa mfano ile fedha ya kiwandani namba 901, huna njia nyingine rahisi ya kuipata vizuri. Lakini rangi bapa, kama chungwa 918 au nyeupe 904, hazihitaji kilia. Unalipia vitu viwili, isosianeti iko palepale ndani ya kilia, na maandalizi yakiwa mabaya jua la Mombasa litakichuna kilia vipande vipande kuanzia paani. Kiraka chake nacho ni kigumu: lazima kilia kipigwe paneli nzima.

Kwa hiyo nashauri hivi. Gari linalolala ndani na lenye rangi bapa, piga selulosi mwenyewe. Gari la kulala nje, la kutumika kila siku, nenda 2K, ila kazi ya chini ifanye wewe, nyumbani, upeleke bodi tupu isiyo na kioo wala klipu hata moja ya kupotezwa. Kazi ya chini ndiyo gharama kubwa ya mpiga rangi, na haidai kitu ila subira. Puliza ukungu mwepesi wa rangi nyeusi juu ya praima. Funga msasa kwenye kibao kirefu, si kiganjani, kwa sababu kiganja hufuata bonde badala ya kulifichua. Sugua kwa mshazari, huku na huku. Palipobaki na weusi pana bonde. Palipotokeza bati pana kilima. Mlango wangu wa kushoto ulikuwa na bonde la urefu wa kidole, mkono haukulihisi wala jicho halikuliona hadi weusi ulipobaki umejichora kama jani la mwarobaini. Nililijaza mara tatu.

Mimi nilipiga selulosi, chungwa 918. Kwenye kifuniko cha tangi nina doa moja. Nitalisugua siku nikipata nafasi.

Kabureta

L24 ya 240Z ni injini ya silinda sita mstari mmoja, sentimita za ujazo 2393, na kutoka kiwandani ilikuja na kabureta mbili za Hitachi za mtindo wa SU. Kila moja inalisha silinda tatu. Za hadi 1972 zina kichwa cha mviringo. Za 1973 zina kichwa bapa, zilizotengenezwa kufuata sheria za moshi za Marekani, nazo zilisumbua kiasi kwamba wengi walizing'oa wakarudisha za mviringo. Kama gari lako limekuja na za bapa, tafuta za mviringo kabla ya kufikiria kitu kingine chochote.

Wanaokushauri Weber wanakwambia kweli kuhusu sauti. Kabureta tatu za 40 DCOE, koo sita, kila silinda na koo lake: ukikanyaga, unaisikia mwilini. Na kama umebadilisha kemshafti na kufungua kichwa cha silinda, huko juu injini itapumua kuliko SU zitakavyoiruhusu. Kwenye injini isiyoguswa, faida hiyo hukaa huko juu, na kwenye msongamano wa Makupa huioni. Unachokiona ni mafuta yanavyokwenda. Tena Weber haiseti kwa bisibisi peke yake. Jeti kubwa, jeti ya sailensa (ya gari likinguruma bila kukanyagwa), jeti ya hewa, koo lenyewe: kila kimoja ni kipande cha shaba chenye namba, na usipokuwa na kisanduku cha namba mbalimbali utabaki kubahatisha. Kisanduku hicho Mombasa hukipati kila duka.

Mfumo wa sindano za mafuta wenye kompyuta nimeufikiria kwa dhati, na sitausema vibaya. Nissan wenyewe, wenye jina la Datsun, walipofika 280Z ya 1975 kwa soko la Marekani waliweka sindano. Gari huwaka mara ya kwanza. Ukitoka Mombasa usawa wa bahari ukapanda hadi Nairobi, zaidi ya mita 1,600, mfumo hujirekebisha wenyewe huku kabureta zikizidi kutoa mafuta mengi kwa hewa inayopungua. Lakini unahitaji pampu ya shinikizo kubwa, sensa, waya mpya, na mtu mwenye kompyuta ya kuuseti. Ukizimikiwa Mtito Andei, katikati ya njia, usiku kwa sensa ya shilingi chache, utalala hapo.

SU hupatana na mtu asiye na vifaa. Kila moja ina jeti moja na sindano moja (ya chuma tu, si zile za kompyuta). Chini kuna nati unayoizungusha: juu, mafuta yanapungua, chini, yanaongezeka. Juu kuna oili kidogo ndani ya kidungu, na oili hiyo ikikauka gari husita ukikanyaga ghafla, kwa hiyo angalia hapo kabla hujalaumu chochote. Kuzioanisha mbili, chukua kipande cha mpira mwembamba, weka ncha moja sikioni na nyingine mdomoni mwa kabureta. Utasikia “shhh”. Sogeza skrubu hadi “shhh” ya mbele na ya nyuma ziwe sauti moja. Kisha nyanyua pistoni ya kabureta kwa kiasi cha milimita mbili hivi, injini ikiwa imepata moto. Mzunguko ukipanda ukabaki juu, mafuta ni mengi. Injini ikitaka kuzima, ni machache. Ikipanda kidogo kisha ikatulia, acha, ondoa mkono.

Kabla ya yote hayo seti tapeti (nafasi za valvu) na taiming (wakati wa cheche), maana kabureta hubebeshwa makosa yasiyo yake. Tapeti za L24 injini ikiwa ya moto ni milimita 0.25 kwa valvu za kuingiza na 0.30 kwa za kutolea moshi. Mpangilio wa kuwaka ni 1-5-3-6-2-4. Uandike kwa rangi ndani ya boneti kama nilivyofanya.

Nilibaki na SU. Mwenye injini ya mashindano achukue Weber, na mwenye safari ndefu za kila wiki, pamoja na fundi wa kompyuta anayemwamini, achukue sindano.

Waya

Hapa wengi hukata tamaa wakanunua furushi jipya la waya la jumla, lile lisilo la gari lolote. Sipendi njia hiyo. Rangi za waya hazifanani na mchoro wa kitabu, plagi zote zinakatwa, na siku ukiwa hupo hakuna fundi atakayejua ulichofanya. Furushi jipya lililoshonwa kufuata la kiwandani ni zuri kama mfuko unaruhusu na kama la zamani limeungua. Ila mengi hayajaungua. Yamechoka viunganishi tu.

Furushi langu nililitoa lote, nikalitandika sebuleni juu ya mkeka, mama watoto akanivumilia siku tisa. Ncha zilikuwa na kijani cha chumvi ya bahari. Nilizichovya kwenye maji ya ndimu na chumvi, nikazisugua kwa mswaki wa zamani hadi shaba ikaonekana, nikasuuza kwa maji mengi mara mbili, nikakausha juani, nikapaka grisi. Waya wenyewe, chini ya utepe, ulikuwa laini kama mpya.

Kasoro ya kweli ya 240Z iko kwenye muundo. Umeme wote wa taa kubwa hupita kwenye fyuzi na kwenye swichi ya usukani, mwendo mrefu, plastiki nyembamba. Ukifungua kisanduku cha fyuzi cha gari lolote la aina hii utakuta pembe moja imegeuka kahawia au imeyeyuka. Watu hubadilisha kisanduku, nacho kinaungua tena. Dawa ni rilei mbili (swichi zinazoamshwa na umeme mdogo) karibu na taa, moja ya taa fupi na moja ya ndefu, zikichukua umeme moja kwa moja kutoka kwenye betri kupitia fyuzi yake. Taa mbili za wati 55 hula karibu ampea tisa. Sasa ampea hizo hazifiki tena kwenye swichi, kinachofika ni cha kuamsha rilei tu. Kazi ya mchana mmoja, hukati waya hata mmoja wa asili, na taa zinaongezeka mwanga hadi unashangaa.

Dashibodi na raba

Dashibodi yako imepasuka. Za 240Z zilizoonja jua hupasuka. Kuna kifuniko cha plastiki cha kubandika juu, kuna kuijaza na kuivika ngozi upya, na kuna kuiacha. Kifuniko huonekana ni kifuniko. Kuivika upya ni kazi ya fundi wa viti mwenye mkono mwepesi, na wapo. Mimi nimeiacha kwanza. Haizuii gari kutembea.

Raba za kuziba milango usiziahirishe. Gari hili lina tabia ya kuvuta moshi wake wenyewe ndani kupitia mlango wa nyuma, na moshi huo una sumu isiyonusika. Kuna raba za Nissan, za bei. Kuna za kunakili, nyingi nene na ngumu kiasi kwamba milango haifungi hadi uipige kwa nyonga. Na kuna za magari mengine zinazoingia. Wenye Z wa Marekani wamezoea kuweka raba ya mlango ya Kia Sportage ya zamani, kwa kuwa ni laini na mdomo wake unalingana. Kwa milango ya pembeni ningeanza na hiyo. Kwa mlango wa nyuma lipa, chukua ya asili, na ubadilishe pia gaskiti za taa za nyuma, kwani moshi hupita hapo vilevile na watu huzisahau.

Kupima ni rahisi. Weka noti ya shilingi mia kwenye ukingo, funga mlango wa nyuma, ivute. Inapaswa kugoma kidogo kisha itoke. Ikiteleza, hapo moshi utapita. Nilizunguka ukingo mzima hivyo, kila baada ya shubiri moja, na nikakuta pembe ya juu kushoto noti inateleza kama iko mezani. Bawaba ilikuwa imekaa juu kwa unene wa washa moja. Nikaitoa washa, nikafunga, nikapima tena. Jumapili ile nikapanda nalo hadi Mazeras na kurudi, vioo vimefungwa, na ndani palinuka polishi tu.